Datsun Nyekundu, Moja kwa Ishirini na Nne

Boksi lilifika mezani kwangu mwezi wa tatu, siku chache kabla mvua hazijaanza. Rafiki yangu aliyekuwa masomoni Japani aliniletea kama zawadi, akidhani kwa kuwa naandika habari za vitabu basi napenda kukaa peke yangu na vitu vidogo vidogo. Juu ya boksi palikuwa na picha ya gari jekundu lenye boneti nyeusi, taa kubwa mbele, na namba 11 mlangoni. Maandishi mengi yalikuwa ya Kijapani, lakini maneno machache niliyasoma bila shida: Datsun 240Z, Safari Rally, 1971.

Sikuwa nimewahi kuunga kigari cha plastiki maishani mwangu. Nililiweka juu ya friji nikasema nitaligawa kwa mtoto wa jirani.

Aliyelishusha ni baba. Tangu apate kiharusi, miaka miwili sasa, anakaa nasi hapa Dar. Mkono wa kulia hauna kazi tena, na mkono huo ndio uliotulisha. Baba alikuwa fundi rangi wa magari kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilimkuta kibarazani, boksi liko mapajani, analitazama kama mtu anayetazama picha ya msiba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Gari hii naijua," akasema. "Hii ilikuwa ya Herrmann."

Mimi ndiye mwandishi wa habari hapa nyumbani, na sikujua Herrmann ni nani. Nikaketi.

*

Edgar Herrmann alikuwa Mjerumani aliyekuwa akiishi Kenya. Mwaka 1970 alishinda mbio za Safari akiwa na msoma ramani wake Hans Schüller, katika Datsun 1600 SSS, na mwaka uliofuata wakashinda tena, safari hii kwa 240Z. Nyuma yao mwaka 1971, nafasi ya pili, alikuwa kijana wa Kihindi kutoka Uganda, Shekhar Mehta, naye katika 240Z. Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, familia ya Mehta ikapoteza makazi yake Uganda, na Pasaka ya 1973 huyo huyo Mehta akashinda Safari kwa 240Z. Alilingana alama na Harry Källström wa Sweden hadi ikabidi waamuzi watafute kigezo kingine cha kuwatenganisha. Baadaye alishinda mara nne mfululizo, kuanzia 1979 hadi 1982.

Haya yote niliyathibitisha baadaye. Siku ile kibarazani baba aliyasema kichwani tu, bila kukosea mwaka hata mmoja. Pale alipokuwa hana uhakika ni kwenye habari yake mwenyewe.

Mbio zenyewe zilianza mwaka 1953 kwa jina la Coronation Safari, kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Zilikuwa mbio za wakoloni, tusifichane. Zilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1960 zikaitwa East African Safari. Jina hilo ukilitazama vizuri lina jambo la kushangaza: kabla hata nchi zetu hazijapata uhuru, kulikuwa na kitu kimoja kilichozichukulia zote tatu kama barabara moja. Mbio zilifanyika wakati wa Pasaka, yaani masika. Si kwa bahati mbaya. Waandaaji walitaka tope.

Na tope likawa ndilo tangazo. Kampuni za magari za Ulaya na Japani ziligundua kwamba gari likimaliza Safari huna haja ya maneno mengi kumshawishi mnunuzi. Mwaka 1971 njia ilikuwa ndefu kiasi cha kilomita 6,000 na zaidi, kwa siku chache, mchana na usiku. Nissan, waliouza magari yao kwa jina la Datsun, walizichukulia mbio hizi kama mtihani wa taifa. Mwaka 1969 huko Japani ilitoka filamu ndefu kuhusu timu ya Datsun kwenye Safari, na aliyeigiza kama dereva alikuwa Yujiro Ishihara, mmoja wa nyota wakubwa kabisa wa sinema ya nchi ile. Kwa hiyo Mjapani wa umri wa baba yangu alilijua tope la Afrika Mashariki kabla hajajua Afrika Mashariki iko wapi. Ndiyo maana hadi leo kampuni ya Hasegawa inauza boksi hili, na ndiyo maana rafiki yangu alilikuta dukani mbali sana na Voi.

*

"Fungua," baba akasema.

Ndani hakuna gari. Hilo ndilo jambo la kwanza linalomshtua mgeni. Kuna bodi moja nyeupe, tupu, nyepesi kama ganda la yai, halafu kuna fremu za plastiki zilizojaa vipande, kila kipande kimeshikiliwa na kikonyo chake kama embe mtini. Kuna matairi ya mpira. Kuna karatasi ya stika. Na kuna maelekezo, ambayo kwa msomaji wa blogu kama hii ni andiko la kuvutia: hadithi nzima ya kuzaliwa kwa kitu, bila sentensi hata moja. Ni mishale, namba na picha. Namba kwenye karatasi inalingana na namba kwenye fremu. Ukiruka hatua ya tatu, hatua ya tisa itakuumbua.

Uwiano wake ni 1/24. Asili yake iko kwenye vipimo vya Kiingereza: nusu inchi kwa kila futi moja. Gari halisi lilikuwa na urefu wa mita nne na ushee; hili la mezani lina sentimita 17. Nilifanya hesabu ya kipuuzi. Ukigawa zile kilomita 6,000 kwa 24 unapata 250. Kigari hiki ili kiseme kimemaliza Safari kingehitaji kusukumwa kwa kidole kutoka Dar mpaka Morogoro, na bado njia ibaki.

Vitu hivi havikuanza kama michezo ya watoto tu. Uingereza mwaka 1936 kampuni ya FROG ilitoa ndege ndogo za plastiki za kuunga, lakini plastiki ya siku zile ilikuwa ya selulosi, hujipinda kadiri miaka inavyokwenda. Baada ya vita ikaenea polistirini: nyepesi, ngumu, na ikiyeyushwa inaingia kwenye kila mkunjo wa kalibu ya chuma. Mwaka 1949 Airfix walitengeneza trekta dogo la Ferguson, na halikuwa la watoto. Lilikuwa la wauzaji wa matrekta, walioneshe wateja. Marekani nako kampuni ya AMT ilianza kwa kutengeneza vigari vya kuweka kwenye maduka ya magari, vimepakwa rangi zile zile za kiwandani, mteja achague. Mwaka 1958 ndipo AMT wakaanza kuuza maboksi ambayo mtu anaunga mwenyewe, gari moja kwa mitindo mitatu: la dukani, la kurembwa, la mbio.

Yaani kigari kilianza kama tangazo, na Safari nayo ilikuwa tangazo. Nilipomwambia baba akacheka upande mmoja wa mdomo, ule unaocheka. "Hata sisi tulikuwa tangazo," akasema. "Rangi ikiwa nzuri, mtu anauliza: umepaka wapi?"

Huko Japani mji wa kazi hii ni Shizuoka, na asili yake ni mbao. Tamiya ilianza mwaka 1946 kama kiwanda cha kupasua mbao, ikahamia kwenye vigari na meli za mbao, kisha plastiki kutoka Marekani ikaja ikawafunika. Boksi lao la kwanza la plastiki, manowari ya Yamato ya mwaka 1960, halikuwaokoa. Kilichowaokoa ni kifaru cha Panther kilichofuata. Mafundi wa mbao walilazimika kujifunza upya na umri umeshakwenda. Niliisoma habari hiyo kwa sauti, baba akanyamaza kidogo, kisha akauliza nina msasa namba ngapi.

*

Nilikuwa nao wa mia nne. Akanituma dukani nikaleta wa elfu moja, ule wa maji.

Hapa niseme wazi kwa yeyote anayetaka kujaribu. Vipande havivunjwi kwa mkono kutoka kwenye fremu, vinakatwa kwa koleo dogo kali, mbali kidogo na kipande, kisha kinundu kinachobaki unakimaliza kwa kisu na msasa. Plastiki hutoka kiwandani na mafuta kidogo ya kalibu, kwa hiyo inaoshwa kwa maji na sabuni. Gundi yake si gundi kwa maana tuliyoizoea. Haikai katikati ya vipande viwili ikavishika. Inayeyusha ngozi ya plastiki pande zote mbili, zikichanganyika, kisha kimiminika kinaruka hewani na kinachobaki ni plastiki moja.

"Kama kuchomelea," baba akasema.

"Kama kuchomelea."

Akaridhika. Kuanzia hapo akawa msimamizi wa gereji.

Kwenye rangi sikuwa na la kumwambia. Alinieleza kwamba nyekundu ni rangi mvivu, haifuniki. Ukiipuliza juu ya praima ya kijivu inakuwa kama ini. Weka nyeupe kwanza, au waridi, ndipo nyekundu iwake. Alinieleza kwamba kopo la kupuliza linaanza nje ya gari na linaishia nje ya gari. Ukianzia juu ya bodi, pale unapobonyeza matone makubwa yanaanguka. Mkono unatembea, hausimami. Ukisimama rangi inatoa machozi. Koti la kwanza ni ukungu tu, bado unaiona nyeupe chini, usiwe na tamaa. Subiri. La pili. Subiri. Akasimama kwa fimbo yake, mkono wa kushoto ukakata hewa kutoka kulia kwenda kushoto, taratibu, na nikaona mwendo ambao niliuona utotoni mwangu kila siku kwenye mwanga wa mlango wa gereji yetu Tanga na sikuwahi kuuangalia.

Maana baba alinikataza. Alisema mtu mmoja katika ukoo kunusa tina anatosha. Nilipomaliza chuo kikuu, zawadi yake ilikuwa kalamu. Nimeishi miaka thelathini na kitu nikijua mishahara ya fundi rangi, kikohozi cha fundi rangi, na kucha zake, na sijui afanyavyo kazi yake.

Nilipuliza jioni moja mvua imetulia. Ilitoka vizuri, nikamwita mke wangu aje aone. Baada ya nusu saa nyekundu yangu ilikuwa imepata ukungu mweupe, kama mtu kaimwagia maziwa. Baba hakuinuka kitini.

"Umepuliza na masika. Umefungia maji ndani ya rangi."

Ndivyo ilivyo. Kimiminika cha rangi kinaporuka haraka kinapoza uso wa bodi, na hewa iliyojaa unyevu inaacha maji pale pale kwenye ubaridi. Dar mwezi wa nne hewa yote ni maji. Nilisugua kwa msasa wa elfu moja, nikangoja siku sita mpaka jua likatoka mchana mzima, nikarudia. Siku sita hizo ndizo alizonisimulia.

*

Baba alizaliwa Muheza, akaenda Mombasa akiwa na miaka kumi na saba kujifunza ufundi. Wakati ule mtu wa Tanga kwenda Mombasa ilikuwa kama kwenda mtaa wa pili. Ni ndugu wale wale, Kidigo kile kile, basi la asubuhi kupitia Horohoro na jioni umefika. Alianza kwa kusugua msasa, akaishia kushika bunduki ya rangi. Bunduki yake mwenyewe, aliyoinunua kwa mshahara wa miezi. Shujaa wake hakuwa Herrmann. Alikuwa Joginder Singh, kwa sababu Joginder alikuwa fundi, mtoto wa gereji ya baba yake huko Kericho, na mwaka 1965 alishinda Safari yeye na mdogo wake kwa Volvo PV544 ya mtumba. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976. "Fundi aliyewapita wenye kampuni," ndivyo baba anavyomtaja.

Pasaka moja, baba na vijana wenzake watatu walipanda gari la mizigo hadi Voi, wakatembea kuelekea milima ya Taita kutazama magari yakipita. Usiku, mvua. Likaja gari moja likazama hadi kwenye milango. Wakalisukuma. Watu wengine wa kijiji walikuja, akina mama pia, labda thelathini kwa jumla. Gari likatoka, likawarushia tope usoni, likaenda zake.

"La nani?" nikauliza. "Lilikuwa hili?"

"Usiku ule rangi zote zilikuwa tope."

"Mwaka gani? Sabini na moja?"

"Sabini na moja, sabini na mbili. Andika masika."

Kwa mwandishi wa habari hilo ni jibu la kuudhi. Nilijaribu kumbana kwa njia zote ninazozijua: mvua ilikuwaje, shilingi ilikuwa na picha ya nani, nani alikuwa rais wapi. Sikupata. Nilitaka sana liwe jekundu, lenye namba 11. Ingekuwa insha nzuri. Lakini halikuwa na rangi, na siwezi kulipaka mimi.

Nilichokipata ni kingine. Gari halisi lililoshinda mwaka 1971 lipo. Nissan wanalo kwenye hazina yao ya magari huko Zama, na mwaka 1973 la Mehta nalo limeandikwa kwenye kila kitabu cha mbio hizi. Majina ya madereva yako kwenye karatasi yangu ya stika, madogo kama sisimizi, pamoja na wadhamini, pamoja na kampuni ya mafuta. Kila aliyeligusa gari kwa pesa ana stika. Waliolisukuma kwa mabega hawana, na sidhani kama kuna karatasi ya kutosha, maana ilikuwa hivyo kila mwaka, kila mlima, kuanzia Uganda hadi Usambara. Historia ya Safari inaandikwa kama historia ya watu wawili ndani ya gari. Nusu yake ilikuwa nje, miguu kwenye tope.

Halafu nchi tatu zikaacha kuwa barabara moja. Katikati ya miaka ya 1970 mbio zikabaki Kenya peke yake, na neno "East African" likaondoka kwenye jina. Mwezi wa pili 1977 bibi yangu, mama yake baba, alifariki Muheza. Baba aliomba ruhusa ya siku nne. Alikuwa katikati ya kazi, akaiacha bunduki kwenye ndoano, ndani ina rangi, kwa sababu kijana wa kuisafisha alikuwepo na yeye mwenyewe angerudi Jumatatu. Akiwa msibani redio ikatangaza kwamba mpaka umefungwa. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka ule. Mpaka ulikuja kufunguliwa 1983, na kufikia hapo gereji ile haikuwepo tena, wala mshahara wake wa mwezi ule, wala boksi lake la vifaa.

Habari ya mpaka nilikuwa nimeisikia kama watu wote tunavyoisikia, kama somo la uraia. Habari ya bunduki ya rangi sikuwahi. Alianza upya Tanga kwa brashi.

"Niliiacha na rangi ndani," akasema. Akarudia mara mbili.

*

Jambo moja lazima niliandike ingawa hatalipenda.

Tulipofika kwenye bomba la ekzosi nilikuwa nimelichafua kwa rangi nyeusi isiyotakiwa. Baba akasema lisafishwe kwa tina. Nikamuuliza kama ana uhakika, akanitazama kama nimemtukana. Nikaleta tina ya gereji, nikalitumbukiza kwenye kikombe. Tulipolitoa lilikuwa limelegea kama tambi, na likiguswa linaacha uzi.

Tina haina neno kwa chuma. Bati unaweza kulilaza humo usiku kucha. Polistirini inayeyuka, kwa sababu ile ile inayofanya gundi yake ifanye kazi. Nilikuwa nimemweleza habari ya gundi mimi mwenyewe, na nilijua, au nilipaswa kujua, na nilinyamaza kwa sababu ni baba.

Hakusema kitu. Aliingia ndani akalala saa kumi jioni. Miaka yote sijamwona akikosea kwenye rangi, na sasa nilimwona, na kosa lilikuwa dogo la sentimita tano. Niliwakumbuka wale mafundi wa mbao wa Shizuoka. Ni rahisi kuandika kwamba walijifunza upya. Aliyeandika hakuwa kwenye chumba walichokwenda kulala saa kumi.

Asubuhi yake nilimkuta ameketi na kipande cha waya wa umeme, ganda limebanduliwa nusu, anajaribu kuukunja kwa mkono wa kushoto dhidi ya goti.

"Njoo ushike hapa."

Kila aliyekulia kwetu anajua magari ya waya. Unaokota waya wa uzio au wa zamani wa umeme, unakunja bodi, matairi ni ndala zilizokatwa au vizibo vya soda, na usukani unaupandisha kwa fimbo ndefu ili uendeshe umesimama, unakimbia nyuma ya gari lako na mdomo ndio injini. Baba alitengeneza la kwake Muheza miaka ya hamsini, mimi langu Tanga miaka ya tisini. Hakuna aliyetuuzia boksi, wala maelekezo yenye mishale. Uwiano ulikuwa jicho.

Tulikunja ekzosi. Mimi nilishika, yeye akakunja. Ganda la waya tuliliacha mwishoni kidogo, likawa mdomo wa bomba. Ukilitazama kigari kwa chini utaliona, limetulia, halifanani na picha ya kwenye boksi, na ni kipande pekee cha gari zima ambacho hakitokani na kalibu.

Makosa mengine ni yangu. Dirisha moja lina ukungu kwa sababu nilitumia supaglu, na moshi wake huganda juu ya plastiki angavu. Vioo vinataka gundi nyeupe ya kawaida, ile ya mbao. Namba 11 ya mlango wa kulia ilichanika nilipoitelezesha kutoka kwenye maji. Nikaiunga. Ukiwa mbali huoni.

*

Lilipoisha lilikuwa linang'aa. Nililipa vanishi makoti mawili na nikalisugua kwa kitambaa hadi nikajiona usoni mwake. Nililiweka juu ya kabati la vitabu, mbele ya riwaya, nikapiga picha. Nilikuwa nafikiria kuituma hapa pamoja na makala fupi ya furaha kuhusu mapumziko na utulivu wa akili.

Baba alilitazama siku mbili. Siku ya tatu akasema, "Gari safi halijafika."

Nilimpinga. Nilimkumbusha msasa, masika, siku sita, nyekundu mvivu. Akasikiliza yote. Kisha akaniomba udongo.

Udongo mwekundu nilioupata ni wa kwetu, si wa Taita. Shangazi alituma muhogo kutoka Muheza na ulikuja na udongo wake kwenye kiroba. Tuliukausha, tukauchekecha kwa chujio la chai, tukauchanganya na gundi nyeupe na maji hadi ukawa uji. Karatasi ya maelekezo iliishia hatua iliyotangulia, haina picha ya jambo hili. Nilitaka kumsaidia kushika brashi akanisogeza.

Alianza chini, nyuma ya matairi, mahali tope linapopiga kwanza. Mkono wa kushoto ulitetemeka, na kwa tope kutetemeka si tatizo. Akapanda kwenye milango. Boneti aliigusa kidogo tu. Akafika kwenye namba 11, ile niliyoiunga, akaipita, akarudi tena, mpaka ikawa huwezi kuapa kama ni kumi na moja au ni namba nyingine. Akafika kwenye majina ya madereva. Hapo alisita, akayaacha.

Nilimuuliza kama sasa ndiyo linafanana na lile la usiku ule.

"Hapana," akasema. "Lile lilikuwa na watu."

Akanipa brashi, akaniambia nikaioshe sasa hivi, kabla haijakauka.